Mnunuzi Kwanza, Mwenye Fedha Baadaye

Nimeombwa niseme, mbele ya jumuiya yetu ya ughaibuni, na vijana wetu wanaotaka kufungua biashara nyumbani Kyela kwa mtaji wa mwekezaji binafsi. Nitasema nao zaidi, lakini wenye kipato mliomo humu nanyi yanawahusu, maana ninyi ndio mtakaofuatwa.

Mali ya kwetu tunaijua. Upo mchele ambao jina lake linauza hata magunia ya mpunga uliolimwa kwingine. Ipo kakao. Zipo bandari za Itungi na Kiwira, upo mpaka wa Kasumulu, na zipo fukwe za Matema chini ya Milima ya Livingstone, ambako akina mama wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Kwa hiyo kijana wa Kyela hakosi wazo. Lakini sijaona mwenye fedha aliyetoa mtaji kwa sababu ya wazo zuri peke yake.

Ufuko wetu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa umewahi kuona mtaji wa mtu binafsi, tena zamani. Mwaka 1881 James Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow na mmoja wa viongozi wa African Lakes Company, aliahidi pauni 4,000 ili ijengwe barabara kutoka Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, hadi Ziwa Tanganyika. Aliahidi kwa masharti. Alitaka wamisionari wa London Missionary Society wawe na meli na vituo upande wa Tanganyika, kwa sababu barabara isiyo na mtu wa kuipokea mwishoni ingekuwa fedha iliyotupwa porini. Barabara yenyewe haikukamilika. Mimi nayatazama yale masharti. Kabla ya kuuliza udongo ukoje, mzee yule aliuliza ni nani atakayekuwa anangoja upande wa pili. Mwekezaji wa leo anauliza hilohilo: nani atanunua?

Tuchukue kakao, maana ndiyo inayotajwa sana siku hizi. Kijana anaandika kwamba atanunua kakao kwa wakulima wa Ipinda au Ngonga, ataisindika na kuuza chokoleti. Wazo hilo linasomeka vizuri. Lakini kakao ya Kyela inauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anaivundika, anaikausha, anaipeleka kwenye chama cha ushirika cha msingi, yaani AMCOS, inapimwa, inaingia ghalani, kisha wanunuzi wanashindana mnadani. Ukimwambia mwekezaji kwamba utapita shambani na mizani yako, swali lake la kwanza tu litaivunja hoja yako, na atakuwa na haki. Nenda kwanza AMCOS na chama kikuu cha ushirika, KYECU. Uliza mnunuzi anasajiliwaje, analipa lini, na kiasi cha chini ni kipi. Rudi na majibu yaliyoandikwa. Karatasi hiyo ina uzito zaidi kuliko picha zote za chokoleti utakazomtumia.

Halafu angalia bei. Desemba 2024 kakao ilivuka dola 12,000 kwa tani katika soko la New York. Kabla mwaka uliofuata haujaisha, ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya hapo. Aliyepanga biashara yake kwa bei ya Desemba alipanga juu ya mchanga. Mwonyeshe mwenye fedha hesabu ya bei nzuri, na ile ya bei mbaya umwonyeshe wewe mwenyewe, asije akaitafuta bila wewe.

Sasa tuzungumze hisa, maana hapa ndipo watu wetu wanapoona haya, na haya hiyo inatuumiza. Tuseme unaomba shilingi milioni 60 kwa asilimia 20 ya kampuni yako ya kukoboa mpunga. Umesema kwamba kampuni, fedha hizo zikishaingia, ina thamani ya milioni 300. Je, mashine ya kukoboa, stoo na wateja wako vinafika huko? Tuendelee. Kampuni inapata faida ya milioni 10 kwa mwaka baada ya kodi, nanyi mnaigawa yote. Fungu la mwekezaji ni milioni 2. Toa kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye gawio, anabaki na milioni 1.8. Kwa mwendo huo atarudishiwa milioni 60 zake baada ya miaka 33 na zaidi. Mwekezaji anapiga hesabu hiyo ukiwa bado unaongea. Kwa hiyo mweleze faida itakuaje, au nani atanunua hisa zake siku akitaka kutoka. Kama huna jibu, omba mkopo wa muda mfupi: nunua mpunga wakati wa mavuno bei ikiwa chini, ukoboe, uuze miezi ya njaa, umlipe. Mkopo mmoja uliolipwa kwa wakati utakufungulia milango mingi kuliko maombi kumi.

Namna ya kumwendea ni fupi. Usiombe fedha siku ya kwanza. Omba akusikilize kwa dakika ishirini, na umpelekee ukurasa mmoja: unauza nini, nani ameshalipa, unahitaji kiasi gani, kitakwenda wapi. Daftari la mauzo lije nawe, hata kama ni la miezi michache. Usimpigie magoti kama mwenye shida. Mheshimu kama mtu mnayekwenda kukaa naye meza moja kwa miaka.

Na tafadhali, vijana wangu, msitangaze hisa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya lenye mamia ya watu. Kampuni binafsi, kwa Sheria ya Kampuni ya 2002, haizidishi wanahisa 50 na hairuhusiwi kuwaalika watu wote wanunue hisa zake. Atakayewaalika watu wote ameingia katika eneo la Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na huko kuna idhini za kuomba kwanza. Mfuate mtu mmoja mmoja, unayemjua na anayekujua.

Jambo la ardhi ni zito kwetu sisi wa ughaibuni. Wengi humu tumebadili uraia, na sheria ya nyumbani hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa kanuni ya jumla, asiye raia hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, na kampuni ambayo hisa zake nyingi zimo mikononi mwa wasio raia inahesabiwa ya kigeni. Basi kabla ya kugawana hisa, jueni nani ana pasipoti ipi. Mkisubiri hadi shamba limeshalipiwa, mmechelewa.

Nanyi wazee na wenye kipato, nawaombeni kwa heshima. Tumezoea kuchanga: msiba, harusi, ada ya mtoto wa ndugu. Hiyo ni mila yetu, tusiiache. Lakini kijana anayekuja na biashara asipewe mchango wa kumwondoa mlangoni. Mwambie afungue daftari, muulize maswali magumu. Kama jibu ni hapana, mpe wiki hiyohiyo, umwambie na sababu. Mkikubaliana, andikeni mkataba hata kama ni mtoto wa dada yako, mwanasheria ausome, na kampuni iwe imesajiliwa BRELA kabla shilingi haijatumwa.

Kabla hatujaondoka hapa, kila kijana mwenye mnunuzi aliyekwisha kumlipa na asimame ataje jina na kijiji chake, na kila mwenye uwezo achague mmoja wa kumsikiliza mwezi huu.