Balbu Zimefungwa, Uniti Ziko Wapi?



Mwaka jana, hapa hapa, tulichangia taa za kituo chetu cha afya. Halmashauri nayo ikaweka fungu lake. Balbu 40 za wati 60 zikang'olewa, zikafungwa za LED za wati 9. Tukapiga picha, tukala pilau, tukarudi mjini.

Mwezi wa tatu simu ikaja usiku: LUKU imeisha, mama anajifungua kwa mwanga wa tochi ya simu ya muuguzi. Mama na mtoto ni wazima, tunashukuru Mungu.

Sisi wa kamati ya fedha tulikaa tukapiga hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Balbu 40 za wati 60 zikiwaka saa 10 kila usiku hula uniti 24. Za LED hula uniti 3.6. Kwa mwezi wa siku 30 tofauti ni uniti 612. Fedha iliyokuwa ikinunua uniti hizo inafanya kazi gani sasa?

Tulikwenda kuuliza. Tukaonyeshwa hati ya malipo, stakabadhi ya fundi na barua ya makabidhiano, zote zina mihuri. Upande wa ununuzi hatuna neno. Lakini risiti za LUKU hakuna aliyezitunza, wala hakuna aliyeandika mita inasoma ngapi kabla fundi hajapanda ngazi. (Na sisi wahasibu wenu hatukuuliza siku ile ya pilau.)

Hatumshtaki mtu. Huenda jokofu la chanjo limeongezwa. Huenda fungu la umeme lilikatwa mapema mno kwa kudhani balbu zitafanya miujiza. Huenda fungu lipo na linatumika kwingine. CAG hukagua halmashauri kila mwaka, lakini mkaguzi hawezi kulinganisha namba ambazo hazikuandikwa.

Sheria ya kupata taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba kumbukumbu hizi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua yetu imepokelewa na kugongwa muhuri. Tunasubiri.

Mwaka huu tunachangia umeme wa jua kwa wodi ya wazazi. Tumekubaliana kwamba fedha haitoki benki mpaka mita iwe imesomwa miezi mitatu mfululizo. Kila risiti ya LUKU itapigwa picha. Baada ya kufunga, namba zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo na kusomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, kila baada ya miezi mitatu, hata kama ni mbaya.

Daftari tumeshanunua. Liko pale mezani, karibu na sanduku la michango. Ukurasa wa kwanza una usomaji wa mita wa jana jioni, na saini ya muuguzi wa zamu. Piteni mlitazame kabla ya kutoa.