Gazeti la Mikono Yetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakaaji, Nkamira, Kanzenze)



Nimeombwa niseme machache juu ya magazeti ambayo watu hujitengenezea wenyewe. Si jambo geni. Novemba 1969, wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam walitoa gazeti lao, Cheche. Hawakuwa na kiwanda cha chapa. Walipiga taipu kwenye karatasi za stensili, wakazungusha mashine ya kunakili, wakapanga na kubana kurasa wenyewe. Mwaka 1970 makala moja ya Issa Shivji juu ya matabaka nchini ilijaza toleo zima. Novemba ya mwaka huo Cheche likapigwa marufuku. Hata hivyo vijana hawakunyamaza; baadaye likatoka jingine, MajiMaji.

Na wakimbizi je? Desemba 2008, huko Kakuma, Kenya, wakimbizi wa mataifa mbalimbali, Wakongo wakiwamo, walianzisha gazeti lao, KANERE. Waliandika juu ya maisha ya kambi, na pia juu ya mashirika yanayowahudumia. Halikumpendeza kila mtu.

Sasa tujitazame. Hapa ni mahali pa kupita. Mwaka 2012 wenzetu waliokimbia vita ya Kivu walipokelewa hapa, kisha wengi wakapelekwa Kigeme. Kila gari linaloondoka linabeba habari zetu, wala hazirudi. Katika ripoti sisi ni hesabu: familia kadhaa, wagonjwa kadhaa. Nani aliwafundisha watoto kuhesabu chini ya hema? Hakuna aliyeandika. Na pasipo karatasi, uvumi ndio gazeti.

Wazee wangu, mnisamehe neno linalofuata. Jarida hili ni la Kamati, nasi tunashukuru. Lakini jarida la Kamati haliwezi kuiuliza Kamati kwa nini orodha ilichelewa. Naomba vijana waachwe watoe karatasi yao, bila mkubwa yeyote kuikata kwanza.

Nanyi vijana, msidai uhuru bila adabu yake. Habari ithibitishwe na watu wawili. Aliyedhulumiwa asitajwe jina bila ruhusa yake. Wengine wetu jina linaweza kuwafuata hata ng'ambo ya mpaka, likawadhuru ndugu waliobaki. Mkikosea, sahihisheni katika toleo linalofuata, pale pale mbele, si pembeni.

Gharama ni ndogo: daftari moja, kalamu mbili, nakala nne za mkono. Moja bombani, moja zahanati, moja shuleni, na moja kwenye mlango wa ofisi, ili wakubwa nao wasome.