Yatima na Sikukuu ya Uhuru



Tarehe 9 Desemba 2023, Tanzania Bara ilipotimiza miaka 62 ya uhuru, nyumbani kwetu alikuwapo yatima wa miaka sita, tuliyemchukua kumlea wiki mbili kabla. Tulipika pilau, tukaalika majirani. Nikawasimulia watoto jinsi usiku wa kuamkia siku hiyo, mwaka 1961, bendera ya Mwingereza ilivyoteremshwa, ikapandishwa ya Tanganyika, na Mwenge ukawashwa kileleni Kilimanjaro.

Jirani mmoja akamwuliza mtoto, yeye ni mwana wa nani. Mke wangu, kwa mapenzi, akataka kumjibia kwa jina langu. Mtoto akamtangulia, akataja jina la marehemu baba yake. Kisha akanitazama kwa hofu, kana kwamba amekosa.

Ndugu zangu, hakukosa. Mtume (s.a.w.) alimfanya Zaid kuwa mwanawe, na watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Yalipoteremka maagizo yaliyomo katika Suratul Ahzab, akarejeshewa jina la baba yake, Haritha. Wala mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua.

Nikamkalisha karibu nami, nikamwambia mbele ya wageni: "Umesema kweli, mwanangu. Baba yako tutamwombea dua pamoja."

Basi tuwalishe yatima, tuwasomeshe, tuwapende. Lakini tusiwanyang'anye nasaba zao. Sisi tuliofurahi kupandisha bendera yetu wenyewe, tutamwoneaje mtoto kwa kulitaja jina lake?

Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.