Stima Kando ya Maji: Maneno kwa Wafanyakazi wa Mabwawa ya Kuogelea



Nimeombwa niseme juu ya soketi za nje, zile za karibu na bwawa. Ninyi mnaoendesha pampu na kukata nyasi ndio mnaozishika kila asubuhi, miguu mitupu, sakafu imelowa.

Wengi husema, "Fyuzi ipo, hapana hatari." Fyuzi haikuwekwa kwa ajili yako. Ile ya plagi ni ya ampea 13, na kazi yake ni kuzuia waya usiungue. Stima yetu ni ya volti 240, na ngozi iliyolowa huipitisha upesi. Miliampea 30 tu, yaani sehemu 30 katika 1000 za ampea moja, zaweza kuuvuruga moyo. Fyuzi haitajua lolote. Mtu atakufa na taa za hoteli zinawaka.

Kinachotakiwa ni ile swichi inayokata stima inayovuja. Mafundi huiita RCD. Hiyo hupima stima inayokwenda na ile inayorudi. Zikilingana, hunyamaza. Inayorudi ikipungua, maana nyingine imepita njia nyingine kwenda ardhini, pengine mwilini mwako, hukata mara moja. Hapa pafaa ile ya miliampea 30. Huko Marekani Profesa Charles Dalziel alibuni ya kwao mwaka 1961, ikikata kwa miliampea kama 5, na mwaka 1968 kanuni zao zikaanza kuitaka kwa taa za ndani ya mabwawa.

Kwa kanuni za kimataifa, soketi za kawaida zisiwe ndani ya meta 2 kutoka ukingo wa bwawa. Kutoka hapo mpaka meta 3.5 ziwe na kinga.

Swichi hiyo ina kitufe cha kuijaribu. Kibonyezwe, stima isipokatika, soketi ile isitumiwe. Wako wasimamizi ambao swichi ikikatika kila mara huamuru iondolewe, ati yasumbua wageni. Haisumbui! Inawaambia kwamba pampu inavuja.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi hatari asiyoweza kuiondoa mwenyewe. Tena yakataza kumfukuza aliyeondoka mahali pa kazi akiwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa. Basi msiseme kwa mdomo tu. Andikeni, mtie tarehe, na nakala moja apewe mwakilishi wenu wa chama.

Sasa nangoja maswali.