Daftari la Kikundi Liwe Kitabu Chetu cha Kwanza

(Maneno ya walimu wanafunzi katika sherehe ya miaka kumi)



Sisi walimu wanafunzi, watoto wenu wa Karatu na Ngorongoro, tunawapongeza kwa kutimiza miaka kumi. Ada za baadhi yetu zilitoka katika kasha hili. Leo tunarudisha shukrani kwa mawazo.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: wanavijiji walikaa kando ya redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Somo lilianza na shida yao wenyewe. Nasi tuanzie hapo.

Akina mama, kasha lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu. Vizuri sana. Je, daftari? Kama msomaji ni katibu peke yake, kufuli zinalinda pesa lakini hazilindi hesabu. Na mama aliyezoea kuweka dole gumba bila kujua riba, kesho ataliweka kwenye mkopo wa kausha damu, na shamba litakwenda hivi hivi.

Maoni yetu ni haya:

Kwanza, kila siku ya hisa tubaki nusu saa tusome daftari: jina, hisa, deni, riba. Anayejua amfundishe aliye jirani yake.

Pili, ratiba ifuate kazi. Mang'ola, vitunguu vikiiva nani atakaa darasani? Kule kwa wafugaji wa Endulen, kiangazi mama yuko mbali akitafuta maji. Tena mwalimu aeleze kwanza kwa Kiiraqw au Kimaasai, ndipo aingie kwenye Kiswahili cha daftari.

Tatu, tujifunze kuandika katiba na barua ya maombi. Katika mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 ni fungu la mikopo ya vikundi vya wanawake. Fungu hilo haliombwi kwa mdomo.

Nanyi mtufundishe sisi: kuhifadhi mbegu, kutambua ng'ombe anayeumwa, kupatanisha wagomvi. Hayo chuoni hatukuyakuta.

Mkikubali, tuanze siku ya hisa ijayo. Kalamu tutakuja nazo.