Nyaya Mbili za Stata

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Katibu aliponiandikia kunitaka niseme machache juu ya elimu na kazi, kwanza nilifikiri kuwaletea habari za ofisini, maana huko ndiko ninakopatia riziki. Baadaye nikaona kwamba somo kubwa nililolipata tangu niondoke hapa sikulipata ofisini wala Chuo Kikuu. Nililipata gereji. Kwa hiyo mtaniwia radhi, leo nitasema habari za gari.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla la mwaka 1993, la otomatiki, lililotumika kwanza Japani kabla ya kufika kwetu. Mwaka 2019 nilikuwa nikifanya kazi Morogoro, na mama yangu akikaa Iringa. Safari ni zaidi ya kilomita 300, nanyi mnaijua: Mikumi, Ruaha Mbuyuni, halafu mlima Kitonga na kona zake. Siku moja, nimekwisha kuumaliza mlima na kuanza kuikaribia Iringa, injini ikanguruma lakini gari likakataa kwenda. Nakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, magurudumu hayana habari. Nikavutwa kwa kamba hadi mjini, mpaka gereji moja niliyoelekezwa.

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akanionyesha. Mafuta ambayo hupaswa kuwa mekundu na maangavu yalikuwa kama chai ya maziwa. Kisha akaniangalia usoni, akacheka, akanitaja kwa jina langu la utani la hapa shuleni. Alikuwa mwenzetu! Tulilala bweni moja miaka minne. Mwaka 1998 matokeo ya Kidato cha Nne yalipotoka, mimi nilikwenda Kidato cha Tano, yeye akarudi kwao. Tangu siku hiyo sikuwahi kuuliza alikokwenda. Jina lake silitaji, kwa kuwa yeye mwenyewe ameniomba.

Alinieleza ugonjwa. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki hupozwa kwa kupitishwa katika kibomba kilichomo ndani ya rejeta. Kibomba kile kikitoboka kwa kutu, maji ya rejeta huingia katika mafuta. Sahani za ndani ya giaboksi hushikana kwa msuguano. Zikilowa maji, gundi na utando wake huachia, na giaboksi imekufa. Vijana, gari moja kubwa la fedha nyingi linaweza kuuawa na tundu dogo kuliko ncha ya kalamu, kwa sababu mwenye gari hakupata kuichungulia rejeta yake.

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kununua giaboksi nyingine ya otomatiki iliyotumika, ambayo hakuna ajuaye ilivyotunzwa. Ya pili, kuligeuza gari liwe la gia za mkono. Mwenzetu alikuwa anajua Corolla la namna ile ile, la gia za mkono, lililogongwa nyuma na kuachwa uani kwa mtu. Akasema kazi hii huwezekana vizuri iwapo tu vifaa vyote vinatoka katika gari moja. Ukiokota kimoja huku na kingine kule, utatengeneza mwaka mzima.

Nilichukua likizo ya juma moja nikawa kibarua wake. Nataka wanafunzi wa Fizikia wasikilize hapa. Katika otomatiki, nguvu ya injini hupita kwenye mafuta. Chukua mapangaboi mawili yanayotazamana: ukiwasha moja, upepo wake utalizungusha la pili ingawa hayagusani. Ndivyo ilivyo, isipokuwa badala ya upepo ni mafuta. Katika gia za mkono hakuna mafuta katikati. Kuna klachi, yaani sahani inayobanwa kwenye flaiwili ikazunguka nayo. Ukikanyaga pedali, sahani huachia. Ukiinua mguu, hushika.

Basi ikatubidi kuondoa ile sahani nyembamba iliyo nyuma ya injini ya otomatiki na kufunga flaiwili nzito mahali pake, kwa bolti za flaiwili yenyewe, maana zile za kwanza si za urefu unaofaa. Tukafunga klachi mpya na beringi yake, giaboksi, mikono yake ya kushikia kwenye bodi, shafti za magurudumu ya mbele, na kebo mbili za kubadilishia gia. Ndani ya gari tukaondoa pedali pana ya breki, tukaweka pedali nyembamba pamoja na ya klachi, na silinda zake mbili za mafuta. Rejeta iliyotoboka tuliitupa. Kila bolti ya flaiwili aliikaza kwa spana ya kupimia nguvu, akiandika kwa chaki ile aliyokwisha kuikaza. Mimi mwenye shahada nilikuwa nikishika taa.

Jumapili jioni tukageuza ufunguo, stata ikanyamaza kimya. Mwenzetu hakushangaa. Gari la otomatiki, alisema, halikubali kuwaka ila mkono wa gia ukiwa mahali pa kuegesha au pasipo na gia. Kuna swichi pembeni mwa giaboksi inayolinda jambo hilo, na swichi ile tulikuwa tumeitoa pamoja na giaboksi. Zilibaki nyaya mbili zinaning'inia. Alitaka kuzipeleka kwenye swichi atakayoifunga juu ya pedali ya klachi, ili gari lisiwake mpaka dereva akanyage klachi. Lakini swichi hiyo hakuwa nayo, na maduka ya spea yalikuwa yamefungwa.

"Subiri kesho saa tatu," akaniambia.

Nikamwambia kesho saa tatu natakiwa niwe njiani, kesho kutwa nina kikao kazini. Aziunganishe tu.

"Bwana, nikiziunganisha gari litawaka hata likiwa kwenye gia."

Hapo nikasema neno ambalo nalijutia hadi leo. Nilimwambia, "Wewe unganisha, mengine niachie mimi niliyesoma." Alinitazama kidogo, akaziunganisha, akazifunga kwa utepe mweusi. Hakusema kitu tena.

Asubuhi yake gari lilikuwa uani kwa mama, mbele limeelekea ukuta wa jiko. Nililiacha kwenye gia ya kwanza, maana ndivyo tulivyofundishwa kuegesha gari la mkono, na hendibreki sikuivuta sawasawa. Mama alikuwa amekaa mkekani kati ya gari na ukuta, akichambua kunde za kunifungia. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja, ambaye maisha yake yote alilijua gari lile kuwa la otomatiki, aliingia kuwasha redio akaugeuza ufunguo mpaka mwisho.

Jirani alikuwa amepiga hodi na mama akainuka kumfungulia. Ndugu zangu, hakuna zaidi ya hilo. Gari liliruka, likapita juu ya mkeka na ungo, likagonga ukuta, injini ikazima. Mama aligeuka langoni akaona kunde zimetapakaa chini ya magurudumu pale alipokuwa amekaa. Hakupiga kelele. Aliketi tu chini, akaita jina la mwanangu, kwanza apate kujua kama yu mzima.

Kikao sikuhudhuria. Nilikwenda gereji kwa miguu. Nilimkuta mwenzetu mlangoni, na mkononi ana swichi. Alikuwa ameamka alfajiri kwenda kumgongea mwenye duka nyumbani kwake. Nilimweleza yote, nikamwomba radhi kwa lile neno. Alijibu kwamba kosa ni la wawili, kwa kuwa fundi hatakiwi kufanya ajualo kuwa ni baya hata akiamriwa na mwenye mali. Kisha akachukua boksi la spana tukaenda. Kazi ya kufunga swichi ile haikufika saa nzima.

Wapo watakaoniuliza kama kuligeuza gari ni jambo jema. Kwa langu lilikuwa jema: Kitonga sasa nateremka kwa gia ya pili, injini yenyewe ikilizuia gari, na breki hazipati moto. Lakini msiige bila kuuliza. Katika magari mapya zaidi kompyuta ya injini na ya giaboksi hutegemeana, na ukiondoa moja unaisumbua nyingine. Na gari lolote lililogeuzwa, kabla hujamlipa fundi, lijaribu mahali pa wazi pasipo na mtu mbele: klachi haikukanyagwa, stata isizunguke. Ikizunguka, kazi haijaisha. Na kila aliye nyumbani, hata mtoto, aambiwe kuwa gari limebadilika.

Kwenu vijana nasema hivi. Shahada yangu haikunidanganya. Mimi ndiye niliyeitumia kumnyamazishia mtu aliyejua. Mkifaulu, na mfaulu wote, msije mkafanya hivyo.

Na kwenu wenzangu: nimeitazama orodha ya chama chetu. Imejaa wakurugenzi, madaktari na walimu. Wale waliorudi makwao mwaka 1998 hawamo, wala hatukuwatafuta. Nilipomwalika mwenzetu aliniuliza, "Kwani mkutano ule si wa waliofaulu?" Naomba Katibu aanze na jina lake, kisha tuwatafute na wengine.

Hata hivyo amekuja. Amekaa safu ya nyuma karibu na dirisha, na gari liko nje. Baada ya chakula atafungua boneti, na mwanafunzi anayetaka kuziona nyaya mbili nilizozisema atamwonyesha zinakokwenda.