Maumivu ya Kifua: Mbavu au Moyo?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu wa chama chetu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya utumishi wa serikali. Nilimjibu kwamba juu ya utumishi wa serikali ninayo machache ya kusema, na mengi kati ya hayo yamo katika mafaili nisiyoruhusiwa kuyafungua hadharani. Nikaomba nizungumze juu ya kifua changu. Alicheka, akadhani natania. Mimi si tabibu. Nilisoma Mlimani, lakini shahada yangu ni ya utawala, na biolojia yangu niliiacha hapa hapa shuleni. Nitakayoyasema ni yale niliyoelezwa na madaktari, pamoja na yale niliyojifunza kwa gharama. Na sehemu ya gharama hiyo alilipa mtu mwingine, kama mtakavyosikia.

Mambo yenyewe yalianza ofisi yetu ilipohama kutoka jengo moja kwenda jingine. Masjala ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti siku hiyo iliamua kupumzika. Wahudumu walikuwa wachache, nami nikataka kuwaonyesha vijana kwamba bosi naye ana mabega. Nikabeba maboksi ya mafaili kutwa nzima, nikishuka na kupanda ngazi. Jioni nikapanda daladala ya Mbagala nikiwa nimejaa sifa. Usiku wa pili yake nikaamshwa na maumivu upande wa kushoto wa kifua, karibu kabisa na kidari. Nikivuta pumzi ndefu, yanachoma. Nikigeuka kitandani, yanachoma. Nikipiga chafya, naona nyota.

Ndugu zangu, mwanamume wa miaka arobaini na kitu akiumwa kifua upande wa kushoto usiku wa manane hawazi mbavu. Anawaza moyo. Mwenzetu mmoja kazini alikuwa ameanguka ghafla mwaka uliotangulia, tukamzika kesho yake. Nikawa nalala chali, nahesabu mapigo. Sikumwambia mke wangu. Badala yake, asubuhi niliketi mezani nikaandika katika daftari majina ya watu wanaonidai, na ya wale ninaowadai mimi, na mahali zilipo karatasi za kiwanja. Hiyo ndiyo akili ya mtu mwenye shahada: nilikuwa tayari kufa kwa utaratibu mzuri kuliko kwenda hospitali.

Siku tatu nilikaa hivyo. Washauri hawakukosekana. Mzee mmoja jirani alinitazama ninavyojishika akasema, "Mwanangu, hicho ni kichomi, uumikwe tu, damu chafu itoke." Muuza duka la dawa akaniuzia dawa ya kiungulia. Mwingine alinong'ona kwamba cheo kipya huwa na wivu wake. Mke wangu alipolikuta lile daftari hakuuliza swali lolote. Aliita bajaji. Ilikuwa bado giza, na tulipofika Hospitali ya Temeke adhana ya alfajiri ilikuwa inasikika.

Daktari aliyenipokea alikuwa kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wa shule hii juzi tu, na ndiye mtu wa kwanza kuniita mzee nikasikia. Hakukimbilia kuniambia chochote. Alinipima presha, akaagiza kipimo cha umeme wa moyo, zile waya zinazobandikwa kifuani, akaagiza damu, akaagiza picha ya eksirei. Akauliza: maumivu yanakuja ukitembea haraka au ukipanda ngazi? Yanakwenda mkononi, shingoni, tayani? Unatoka jasho la baridi? Una kikohozi, homa? Kisha, majibu yalipokwisha kurudi, akaweka kidole kando ya kidari changu, akashuka nacho taratibu, ubavu mmoja baada ya mwingine. Alipofika ubavu wa nne nilipiga kelele hata nesi akachungulia.

"Ndiyo maumivu yenyewe hayo, mzee? Yale yale ya usiku?"

"Ndiyo hayo hayo!"

"Basi. Moyo umo ndani, sina kidole cha kuufikia. Nilichokigusa ni ubavu. Lakini kidole peke yake kisingenitosha. Ndiyo sababu nimekupima kwanza."

Nawaombeni mkumbuke maneno yake ya mwisho, maana mimi niliyasahau.

Sasa niwaeleze alichoniambia kuhusu ubavu huo. Tunazo jozi 12 za mbavu. Jozi 7 za juu zinafika zenyewe mpaka kwenye kidari, jozi 3 zinazofuata zinaegemea zile za juu yake, na 2 za mwisho hazifiki mbele kabisa. Lakini mfupa wa ubavu haugusani na kidari moja kwa moja. Katikati kuna gegedu. Mnaopenda mbavu za mbuzi mnalijua vizuri: ile sehemu nyeupe, laini kuliko mfupa, ngumu kuliko nyama, inayolia mdomoni mtu akiitafuna. Hilo ndilo linalokiwezesha kifua kupanuka tunapovuta pumzi. Kifua chote kingekuwa mfupa mtupu, tungepumua kwa shida.

Gegedu hilo, au pale linapoungana na mfupa, huweza kupata mwako na kuuma. Mara nyingi huwa ni kati ya ubavu wa pili na wa tano. Chanzo huweza kuwa mzigo mzito, au kikohozi cha muda mrefu, au pigo, au mazoezi ambayo mwili haukuyazoea. Na mara nyingi hakionekani chanzo chochote. Uko ugonjwa unaofanana nao ambao eneo lenyewe huvimba na kuonekana kwa macho, hasa kwenye ubavu wa pili au wa tatu. Huo umepewa jina la Alexander Tietze, daktari mpasuaji wa Breslau, mji ambao leo umo Poland chini ya jina la Wrocław, aliyeueleza mwaka 1921. Wangu haukuwa na uvimbe. Na picha ya eksirei ilitoka safi, jambo lililonikasirisha, maana niliona kama nimeitwa mwongo. Daktari akanifafanulia kwamba gegedu kwa kawaida halionekani kwenye picha hiyo. Waliipiga kutafuta nimonia, kifua kikuu na mambo mengine ya mapafu, na hawakuyakuta.

Nikauliza lini nitapona. Akasema wiki kadhaa, pengine miezi. Nikaona ananizungusha kama tunavyozungusha watu sisi maofisini, lakini sababu aliyonipa ni ya maana. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Linapata chakula kwa kunyonya polepole kutoka pembeni, kwa hiyo hupona taratibu. Tena mguu uliovunjika hufungwa plasta ukatulia, lakini kifua utakifungaje? Mtu aliyetulia hupumua kama mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Pigeni hesabu, vijana: kwa mara 14 tu ni zaidi ya 20,000 kwa siku, na kila mara lile gegedu linavutwa. Dawa yangu ilikuwa parasetamoli, kitambaa cha maji ya moto, na kuacha kubeba mizigo. Zile dawa nyingine za maumivu zinazouzwa kila duka, kama ibuprofeni na diklofenaki, alininyima. Alisema husaidia wengi, lakini si njema kwa mwenye vidonda vya tumbo wala kwa mwenye presha.

Nikamwambia sina presha. Akanigeuzia karatasi: 160 kwa 100, na walikuwa wamepima mara mbili. Kwa hiyo ndugu zangu, nilikwenda kwa ajili ya ubavu usioua mtu, nikarudi na habari ya presha iliyokuwa imekaa ndani yangu kimya, sijui tangu lini. Dawa zake nazinywa mpaka leo. Ubavu ulipona baada ya miezi miwili.

Hapo ningeweza kukaa chini, mkanipigia makofi. Bahati mbaya mimi nilifanya kosa walilo nalo wasomi wengi: nilijua kitu kimoja nikaanza kufundisha. Pale mtaani, kila mwenye kifua kinachouma nilimwambia abonyeze. Kikiuma ukibonyeza, mbavu. Anza kunywa parasetamoli. Nikawa daktari wa kidole.

Mwenzetu mmoja, tuliyelala bweni moja kidato cha kwanza mpaka cha nne, ana biashara ya nafaka Tandika, na magunia anayabeba mwenyewe kwa ubahili wake unaojulikana. Ameniruhusu nisimulie mradi nisimtaje jina; ingawa naona wengine mmekwisha kugeuza shingo. Alinipigia simu jioni moja. Kifua kinamkaba, alisema, hasa akinyanyua gunia, akipumzika kinaachia. Nikamkata kauli kwa furaha. "Magunia hayo! Bonyeza kando ya kidari." Akabonyeza. Panauma? Panauma kidogo. Nikacheka, nikamwambia ni mbavu kama zangu, na akome ubahili, aajiri kuli.

Siku ya nne yake alikabwa akiwa dukani amekaa tu, jasho linamtiririka, mkono wa kushoto umekufa ganzi. Wasaidizi wake walikuwa na akili kuliko mimi. Walimpeleka Temeke hapo hapo, na kutoka huko akapelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ile iliyoanzishwa mwaka 2015 katika viwanja vya Muhimbili. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba. Waliufungua kwa mrija mwembamba bila kumpasua kifua. Nilipokwenda kumtazama aliniambia, "Kumbe hata moyo unabonyezwa." Hajanilaumu hata siku moja, na mimi ningependelea anilaumu. Lori lake limekwisha uzwa. Mmemwona asubuhi akipumzika mara mbili kati ya lango na ukumbi huu.

Nilirudi kwa yule daktari kijana, nikamweleza. Hakunigombeza. Alisema mtu mwenye mwili wa kazi, ukimbonyeza kifua, mahali pa kuuma hapakosekani, na mwenye ugonjwa wa moyo naye ana mbavu. Swali ambalo ningepaswa kuliuliza ni lile aliloniuliza mimi kwanza: linakuja ukijitahidi, linaachia ukipumzika? Kukaba kwa namna hiyo, au uzito kama jiwe kifuani, au maumivu yanayokwenda mkononi au tayani, au jasho, kichefuchefu na pumzi kukatika, si mambo ya kusubiri kesho. Akaongeza kwamba wanawake, wazee na wenye kisukari huweza kupata ugonjwa wa moyo bila maumivu makubwa, wakaona uchovu na pumzi fupi tu. Na kwamba hata kipimo cha umeme wa moyo kikitoka kizuri mara ya kwanza, huenda wakakirudia na kupima damu tena baada ya saa chache. Kwa hiyo ukiambiwa ngoja, usitoroke kwa kuona wanapoteza muda wako.

Neno letu hili kichomi nadhani nalo linatuponza. Ni neno zuri, linaeleza sawasawa mtu anavyosikia, lakini ndani yake tumetia nimonia, tumetia maji ya mapafu, tumetia mbavu, tumetia hata mkanda wa jeshi, ambao huweza kuchoma ubavuni siku kadhaa kabla ya malengelenge kutoka. Mtu akishasema ana kichomi, anaona amekwisha kupata jina la ugonjwa, kumbe amepata jina la maumivu tu.

Kwenu vijana nitasema kidogo. Katika umri wenu moyo ni mara chache kuwa ndio chanzo, na ndoo za maji na pushapu za adhabu zinaweza kabisa kuamsha mbavu; nawaona mnamtazama mwalimu wa zamu. Lakini mwenye selimundu akiumwa kifua apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja kengele ya kipindi. Na kikohozi kilichofika wiki mbili kipimwe makohozi. Katika vituo vya serikali kifua kikuu hupimwa na kutibiwa bure, kwa hiyo hakuna sababu ya kukificha bwenini.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Chini ya mwembe pale, manesi wawili wameketi na mashine ya presha mpaka saa kumi. Chakula kitachelewa hata hivyo, kama ilivyo desturi ya shule hii. Mwenzetu wa Tandika amekwisha kuniambia kwamba yeye ndiye wa kwanza kwenye mstari, na atakayemtangulia watagombana, kama zamani wakati wa ugali.